Jumamosi ya Tano

Mdogo wangu Kifungo,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, wewe na goti lako. Goti nalitanguliza kwa sababu najua ndilo litakalokuwa la kwanza kulalamika. Bado linakuuma ukipanda ngazi? Ile dawa ya kuchua niliyokuletea umeitumia, au umeiweka kabatini pamoja na zile nyingine zote unazosubiri ziharibike? Mimi mwili ni mzima. Nakula, nalala, na meno yangu ni yangu isipokuwa manne. Moyo tu ndio uliochafuka. Nimekirihika, mdogo wangu. Tangu Jumamosi iliyopita hata chai naiona kama maji ya kusuuzia matambara.

Utashangaa kupata barua badala ya simu. Simu yangu wanao, hawa wawili niliowazaa mimi, wameiwekea kipaza sauti, nikisema haloo nyumba nzima inaitikia, na haya ninayotaka kukuambia si ya kipaza sauti. Kaa chini, nyoosha hilo goti, usome polepole. Usirukie mwisho kama ulivyokuwa ukifanya na vitabu vya hadithi tulipokuwa wadogo.

Unajua kwamba tangu niliposhindwa na ngazi za nyumba yangu, wanao wananigawana. Mkubwa, fundi lifti wetu, ana wiki mbili za mwanzo wa mwezi. Dada yake, Mwalimu, ana mbili za mwisho. Ratiba ameitunga Mwalimu mwenyewe, maana shuleni kwake ndiye mpanga vipindi, na mimi amenipanga kama somo. Kijani ni kwa kaka yake, njano ni kwake, na karatasi imebandikwa kwenye friji zote mbili. Hata kucha nimepangiwa siku ya kukatwa. Kucha zangu! Nguo nazo zimeandikwa ukosini kwa kalamu ya wino, hii ya huku, hii ya kule, eti zisichanganyike. Mimi niliyefua shuka za hospitali miaka thelathini na mmoja, nikajua kila foronya inarudi wodi gani kwa uzi mwekundu tu, leo naandikwa kwa wino unaochuja. Blauzi yangu nyeupe ina doa jeusi shingoni ambalo halitoki hata kwa jiki. Nikaivaa hivyohivyo. Mwosha huoshwa.

Sasa ratiba hiyo ina mistari minne, na mwezi uliokwisha ulikuwa na Jumamosi tano. Mwalimu na akili zake zote hakuliona hilo. Asubuhi ya Jumamosi ya tano akanifungia begi, akanipeleka kwa kaka yake, akaniingiza kwenye lifti, akabonyeza ghorofa ya nne na kukimbilia kikao chake cha wazazi. Nikapanda peke yangu. Mkubwa akafungua mlango na mswaki mdomoni, akanitazama mimi, akalitazama begi, akaniuliza leo tarehe ngapi. Ndiyo salamu niliyopata.

Akampigia dada yake pale pale mlangoni. Mdogo wangu, ungewasikia! Hakuna aliyetukana. Kila mmoja alieleza jinsi anavyonipenda, na jinsi ambavyo kwa upendo huohuo wiki hii ni ya mwenzake. Mkubwa alisema zamu yake inaanza Jumamosi ya kwanza ya mwezi, na hii si ya kwanza. Mwalimu akasema zake ni mbili, amezimaliza, na hii si ya nne. Nilikaa juu ya begi kwenye korido nikiwasikiliza. Jirani mmoja akapita na takataka zake, akanisalimu, akaniuliza kama nasafiri. Nikamjibu ndiyo, nasafiri, ila bado hatujajua ninakokwenda. Akacheka, mimi sikucheka.

Baadaye wakaona aibu. Mwalimu akaja mbio kutoka kwenye kikao, macho mekundu, akaniomba radhi, na kaka yake naye akaomba. Wakakubaliana kunitoa matembezi ili nisahau. Mwalimu akasema walimu wenzake wameisifu filamu moja ya kuchekesha inayoonyeshwa mjini, inahusu mzee na watoto wake wakubwa, kwamba watu wanacheka mpaka wanashika mbavu, kwamba nitaipenda sana. Nyani haoni kundule! Nikamtazama usoni nione kama ananifanyia mzaha. Hata. Alikuwa na moyo mweupe kabisa, na hilo ndilo lililonichefua zaidi.

Ukumbi wenyewe, aka! Sakafu inanata, kila ukiinua mguu kiatu kinataka kubaki. Harufu ya mafuta ya bisi yaliyokaangiwa tangu juzi. Kiti nilichopewa kilikuwa bado na joto la makalio ya mtu mwingine, na nyuma yangu alikaa baba mmoja aliyekuwa akitafuna karibu na sikio langu kana kwamba sikio nalo ni la kwake. Wanao wakaniweka katikati, mmoja huku, mwingine huku, kila mmoja kanishika mkono. Taa zikazimwa.

Jina la filamu silitaji, halistahili wino wangu. Steringi, yule mchezaji mkuu, ni kijana aliyepakwa unga kichwani, akatetemeshwa mikono, akaitwa mzee. Ana watoto watatu, na kazi yao ni kusukumiana mzigo. Huyu anamtia baba kwenye gari la yule akiwa amelala, yule anamrudisha kupitia dirishani. Meno ya bandia yanadondoka kwenye supu, mkwe anayameza, watu kwikwikwi. Mzee anakojoa kwenye chungu cha maua, watu wanapiga makofi. Na mashati yake, mdogo wangu! Eti mzee ametelekezwa siku tatu, hajabadilishwa nguo, halafu mikono ya shati ina mikunjo ya pasi iliyonyooka, na ukosi una wanga. Mimi najua shuka ya mzee aliyesahauliwa siku tatu inakuja ikiwa na nini. Nimeitia mikono hii miaka yote. Hakuna mtu anayecheka akiishika. Unageuza uso pembeni, unaziba pumzi, na jioni bado iko kwenye nywele zako.

Nikawatazama wanangu. Mkubwa anajipiga mapaja. Mwalimu anafuta machozi kwa ncha ya mtandio. Midomo wazi, bisi zinaonekana ndani. Nikaona kinyaa, Kifungo. Watoto niliowazaa mwenyewe, niliowapangusa kamasi kwa kiganja bila kuona lolote, siku hiyo niliwaonea kinyaa. Asubuhi waliniacha juu ya begi, mchana wanacheka mzee kuachwa, na baina ya hayo mawili hawaoni hata uzi mmoja.

Halafu ikaja sehemu ambayo naona ndiyo watu wote walikuwa wakiisubiri. Watoto wale wamo safarini na magari mawili, wanasimama kituo cha mafuta, mzee anashuka kwenda msalani. Gari la kwanza linaondoka likidhani mzee yuko la pili, na la pili likidhani yuko la kwanza. Mzee anatoka, hakuna mtu. Anakaa juu ya sanduku lake. Ukumbi mzima ukaanza kucheka kabla hata hajafanya kitu. Kisha muziki ukapigwa, mzee akanunua aiskrimu, akainuka na kuanza kucheza na wale wauza mafuta, anazungusha kiuno, kofia anairusha juu.

Sijui nilisimama saa ngapi. Nilijikuta tu nimesimama, na ninapiga kelele. Nilisema ni uongo. Nilisema hakucheza. Nilisema alikaa hapohapo hakutikisika, amejikojolea, na macho yake yako mlangoni. Nikarudia, yako mlangoni, yanatazama mlango, watu gani nyie msioona? Wa nyuma wakanizomea nikae. Mmoja akadhani ni sehemu ya mchezo, akapiga makofi. Wanao wakanishika makwapa, wakanitoa nje, Mkubwa akiwaomba watu radhi safu baada ya safu, akiwaambia mama yao ana umri.

Wakanikalisha kwenye ngazi, wakanipa maji. Wakanong'ona kando wakidhani sisikii, nami nikamsikia Mwalimu akimwambia kaka yake kwamba mama ameanza kuchanganyikiwa. Neno kwa neno.

Tangu siku hiyo nipo kwa Mkubwa. Nimeandikiwa miadi kwa daktari wa vichwa. Na juzi Mkubwa, ambaye kazi yake ya kila siku ni kuwatoa watu waliokwama ndani ya lifti, ametoboa mlango na kufunga komeo kwa nje, juu kabisa. Amesema ni kwa usalama wangu, nisije nikatoka nikapotea. Alisema kwa upole, machozi yakimlengalenga. Wakienda kazini wananifungia. Sikubisha hata kidogo, na hilo likawa ushahidi mwingine, maana mama yao wa zamani angewarushia sufuria.

Kwa nini sikubisha? Ndipo tulipofika, mdogo wangu. Kama ulikuwa umesimama, kaa.

Unakumbuka benchi lile mbele ya duka la dawa, pale kituo cha mabasi. Mimi nilikaa upande huu wa mji, wewe ule, na kila baada ya wiki mbili tulikutana hapo saa nane mchana kupeana mama, mkono kwa mkono. Yeye na begi lake la bluu. Na unaikumbuka ile Jumamosi ya tano, miaka ishirini na sita iliyopita, mama alipokaa juu ya benchi lile kuanzia saa nane hadi saa moja jioni, mpaka bwana wa duka la dawa alipofungua begi, akakuta anwani zetu, akamtuma dereva wa teksi kwako kwa kuwa ndiko karibu. Ukamkuta amelowa. Ukambeba.

Siku ya pili yake nilikuja kwako kama moto. Nilikuuliza mbele ya mama umewezaje kumsahau mzazi wako. Nilisema tulikubaliana Jumamosi za tano zote ni zako, kwa kuwa mimi nina watoto wadogo. Ukasema hukumbuki makubaliano hayo. Nikakuambia huwezi kukumbuka, kichwa chako hakiko sawa. Ulikuwa umefiwa na mumeo miezi mitatu tu, Kifungo. Ulikuwa unaweka chumvi kwenye chai. Nilijua hivyo, na ndiyo maana nikasema. Ukapiga magoti ukamshika mama miguu, ukalia, ukaomba msamaha. Nami nikasimama pale na mkoba wangu begani nikakutazama.

Hatukuwahi kukubaliana hivyo. Tulikubaliana kupokezana, na iliyotangulia uliichukua wewe. Ile ilikuwa yangu. Nilijua asubuhi nilipoamka, nilijua nilipofunga begi, nilijua kwenye basi mama alipoegemeza kichwa begani kwangu. Nilimkalisha kwenye benchi nikamwambia Kifungo anakuja. Nilijua huji. Nilijihesabia kwamba bwana yule wa duka la dawa ana huruma, atamwona, atakuita tu.

Sitatafuta kisingizio. Nilikuwa nimechoka, lakini nani hakuchoka? Wewe ulikuwa umetoka kuzika. Nilitaka saa mbili za kutokuwa binti wa mtu wala mama wa mtu. Ng'ambo ya barabara, unakumbuka, palikuwa na sinema. Nikavuka, nikakata tiketi, nikaingia. Ilikuwa picha ya kuchekesha. Sikumbuki hata mmoja aliyecheza, wala ilihusu nini. Nakumbuka tu kwamba nilicheka. Mungu ananiona, nilicheka mpaka mbavu zikaniuma, mdomo wazi, bisi ndani. Picha ilipokwisha nikatokea mlango wa pembeni, ule wa kwenye kichochoro, kwa sababu mlango mkubwa ulielekea benchi. Sikuchungulia. Nikaenda nyumbani nikalala usingizi mzuri.

Bado sijamaliza. Unakumbuka alichokuambia bwana wa duka la dawa? Kwamba alimsihi mama aingie ndani akae kivulini, mama akakataa kuondoka kwenye benchi. Alisema binti yake yumo mle ndani anatazama picha, akitoka asipomkuta atahangaika. Bwana yule akatazama, mlango wa sinema umeshafungwa, watu wameshatawanyika, akaona bibi huyu anaota. Wewe ukanisimulia ukilia, ukaniuliza mama ana nini. Nami nikakujibu, mimi kwa kinywa changu hiki, kwamba mama ameanza kuchanganyikiwa.

Mama alikuwa na akili zake timamu, Kifungo. Aliniona nikivuka. Aliniona nikiingia. Akakaa kuulinda mlango ule saa tano nzima, asinipotee.

Na wewe kwa neno langu ukaanza kumfungia. Ulimchukua moja kwa moja, ukasema hutamhamisha tena, ni adhabu yako. Miaka mitatu ulimwosha, ukamlisha, ukamfungia mlango kwa ufunguo ukienda kazini, asije akatoka kwenda kutafuta binti kwenye sinema. Mimi nilikuja Jumapili na matunda. Watu waliniona mwema.

Lile gauni lake la kijani, uliloniuliza nimeliunguzaje, mimi ambaye sijawahi kuunguza nguo maishani. Nilikuwa nalipiga pasi kwako jikoni, mama amekaa kitini pembeni, wewe umekwenda sokoni. Akaniuliza, taratibu tu, kama mtu anayeulizia hali ya hewa, kama ilichekesha. Nikamuuliza nini. Akasema ile picha. Pasi sikuinyanyua. Harufu ilipotoka akanionyesha kwa kidole, akasema mwanangu unaunguza. Hakulitaja tena mpaka alipofariki. Hata wewe hakukuambia, nami kila nilipolala nilimshukuru kwa hilo, halafu nikajichukia kwa kushukuru.

Kila mwaka siku ya kumkumbuka unasimama mbele ya watoto na kusema wewe ndiwe uliyemsahau mama kituoni, wasije wakafanya kama wewe. Umesema hivyo mara ishirini na tatu. Nimekaa karibu yako mara zote ishirini na tatu, na mara nyingine nimekupa leso. La kuvunda halina ubani, lakini mimi nimelifukizia robo karne. Nilipokuwa pale ukumbini nilidhani nimewaonea kinyaa wanangu. Maskini wanangu, wao walisahau kweli, wakakimbia kuomba radhi siku ileile.

Sasa sikiliza ninachotaka. Sitaki unijibu kwamba yamepita. Hayajapita, wewe bado unaumia nayo. Nikiwaambia wanao kwa nini nilipiga kelele, wataelewa mara moja kwamba akili zangu zimo, na komeo litatoka leoleo. Nilifungua mdomo juzi niwaambie, nikaufunga. Ningekuwa nimekutumia wewe tena ili mimi nitoke. Ukweli huu ni wako kwanza. Uwaambie wewe, siku utakayotaka, na kwa maneno utakayotaka, hata yawe makali kiasi gani. Na usipotaka kuwaambia, basi. Nitakaa ndani. Mama alikaa miaka mitatu.

Barua hii nampitishia chini ya mlango mama anayefagia ngazi, ameahidi kunitilia posta. Jichue hilo goti kabla ya kulala, usibebe ndoo ya maji iliyojaa, nusu nusu inatosha. Nisalimie majirani zako, na yule paka mwizi. Wanao wanakusalimu mama yao mdogo, ingawa hawajui nimekuandikia.

Ni mimi dada yako, Pasi, ambaye ile Jumamosi ilikuwa zamu yake.